Chakula cha Kasuku cha Kuandaa Nyumbani: Maswali na Majibu

Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa kila mara na wafugaji wanaoleta kasuku wao kutibiwa. Majibu yanamhusu zaidi kasuku wa kijivu, kwa kuwa ndiye ninayemwona mara nyingi. Karibu wote wanaoletwa wakiwa hoi wamelishwa kwa namna moja: alizeti na karanga, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka.

Swali: Chakula bora cha kasuku ni kipi?

Ni mchanganyiko wa mboga za majani, mboga za rangi ya chungwa, nafaka, jamii ya kunde na matunda kidogo. Pale kinapopatikana, chakula maalumu cha vidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya kasuku kiwe msingi, na hicho cha nyumbani kikijazie. Mbegu ni kionjo tu.

Swali: Kasuku wangu anazipenda sana alizeti na hataki kingine. Je, hiyo si dalili kwamba ndicho chakula chake?

Hapana. Mtoto naye hupenda peremende, na hakuna mzazi anayempa peremende badala ya mlo. Karibu nusu ya uzito wa kiini cha alizeti ni mafuta, ilhali vitamini A haimo kabisa kwa kiwango cha maana na kalisi (kalsiamu) ni haba mno. Ndege huyu hushiba huku mwili wake ukiwa na njaa, akanenepa, ini likajaa mafuta, na mwenye nyumba akafurahi kwamba ndege ananawiri.

Swali: Upungufu huo unaonekanaje?

Upungufu wa vitamini A huharibu utando wa ndani ya mdomo, pua na njia ya hewa. Nikimfungua mdomo kasuku wa namna hii na kummulika kwa tochi, mara nyingi nakuta vijipele vyeupe kwenye kaakaa na chini ya ulimi, na huko nyuma uchafu mzito umeziba njia. Mfugaji huwa ameona mafua yasiyokwisha, kope zilizovimba au manyoya yaliyopauka, akanunua dawa ya mafua ya kuku dukani na kuimimina kwenye maji. Dawa hiyo haileti vitamini.

Upungufu wa kalisi ndio unaotisha zaidi kwa kasuku wa kijivu, kwani kalisi ya damu yake hushuka kuliko ya kasuku wengi wengine. Ndege anayumba, anaanguka kutoka kwenye kijiti chake, kisha anatetemeka mwili mzima, na nyumbani husemwa kwamba amepatwa na degedege. Mara nyingi chanzo kiko kwenye bakuli la chakula. Kalisi haifanyi kazi bila vitamini D, na ndege huipata kwa jua linalomfikia moja kwa moja. Tundu lililowekwa nyuma ya kioo cha dirisha halimsaidii, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayohitajika. Mtoe nje asubuhi kwa nusu saa hivi, na upande mmoja wa tundu uwe na kivuli.

Swali: Wangu amekula alizeti miaka yote na hajawahi kuugua. Kwa nini nibadilishe?

Kwa sababu hujamwona akiugua, na hilo si sawa na kuwa mzima. Kasuku ni ndege anayewindwa porini, na anayeonyesha udhaifu hukamatwa kwanza; ndiyo maana huficha maradhi mpaka nguvu za kuyaficha zimwishie. Jibu langu ni lile lile, na nitalirudia kadiri itakavyohitajika: alizeti na karanga pekee si chakula cha kasuku, hata kama amezila kwa miaka kumi, hata kama anazililia kila asubuhi.

Swali: Basi nimwandalie vipi?

Kipimo ninachowaelekeza wafugaji ni vikombe vitatu vya mboga, viwili vya nafaka iliyopikwa na kimoja cha kunde zilizoiva. Kwenye mboga, weka boga, karoti au viazi vitamu vya rangi ya chungwa, pamoja na sukuma wiki au majani ya maboga yaliyokatwakatwa. Mchicha usiwe mboga ya kila siku, kwa kuwa una asidi inayoishika kalisi isitumike mwilini. Nafaka iwe mchele usiokobolewa, mtama, ulezi au mahindi ya kuchemsha. Pilipili nyekundu inafaa sana, na usimwonee huruma, kwani ndege hawausikii ule ukali tunaousikia sisi.

Maharage yanahitaji uangalifu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali na kuendelea hadi yalainike kabisa. Maharage mabichi, au yaliyopashwa kwa moto mdogo bila kuchemka vizuri, yana sumu. Choroko na dengu huiva upesi na hazina usumbufu huo.

Mwishoni ongeza kijiko kimoja cha chai cha mawese kwenye mchanganyiko wote. Porini kasuku wa kijivu hula matunda ya mchikichi, na mawese mekundu yasiyosafishwa kiwandani yana ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa kalisi, mpe mara moja moja yai lililochemshwa sana pamoja na ganda lake lililosagwa, au ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, ukiwa umeoshwa na kuanikwa hadi kukauka.

Gawa chakula katika vifungu vidogo na uvigandishe kwenye friza. Asubuhi toa kifungu kimoja, barafu ikishayeyuka mpe, na baada ya saa mbili ondoa kilichobaki, kwa sababu kwenye joto letu chakula kilichopikwa huchacha upesi. Usitumie kikaango cha kisasa kisichoshika chakula katika nyumba yenye ndege. Kikiunguzwa hutoa moshi usioonekana wala kunuka sana, nao humuua kasuku kwa dakika chache.

Swali: Ni vitu gani asipewe kabisa?

Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe, chumvi, vitunguu na mbegu za tufaha. Parachichi nalitaja kwanza kwa kuwa watu humpa kwa nia njema kabisa, nalo linadhuru moyo wake.

Karanga zenye ukungu ziweke kwenye orodha hiyo hiyo. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga, na kuzikaanga karanga hakuiondoi. Ile desturi ya kuchambua karanga, nzuri zikaenda jikoni na zilizosinyaa zikaenda kwa kasuku, naomba ikome.

Swali: Anywe chai na mkate pamoja nasi?

Hapana. Chai, maziwa, sukari na maandazi havimfai, na kumlisha kutoka mdomoni mwako kunampa vijidudu ambavyo mwili wake haujavizoea.

Swali: Amekataa chakula kipya. Nimnyime kila kitu mpaka njaa imlazimishe?

Usithubutu. Kasuku anaweza kufa njaa mbele ya chakula asichokitambua. Mpe mchanganyiko asubuhi akiwa na njaa ya kawaida, jioni mpe mbegu kwa kipimo, na upunguze kipimo hicho taratibu kwa wiki kadhaa. Kula mboga hizo hizo mbele yake, kwani ndege huyu huiga.

Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kasuku wa gramu 450 akipungua gramu 45, hiyo ni dharura. Angalia pia bakuli kwa vidole vyako, maana kasuku humenya mbegu na kuacha maganda humo humo. Nimeletewa ndege aliyekonda hadi mfupa wa kifua umechongoka, na bakuli lake, ambalo kwa macho lilionekana limejaa, lilikuwa na maganda matupu.

Swali: Tangu asubuhi amejikunyata, manyoya yamevimba na yuko chini kwenye sakafu ya tundu. Nimwangalie mpaka kesho?

Hapana, mlete leo. Ndege aliyeshuka kutoka kwenye kijiti na kukaa sakafuni ameshindwa kuficha, maana yake ameugua tangu zamani. Usisubiri kesho, usisubiri wikendi ipite, na usimmiminie maji wala uji mdomoni, kwani vitaingia kwenye njia ya hewa. Lifunike tundu kwa kitambaa ukiacha nafasi ya hewa, mweke mahali penye joto, na uje na ile karatasi ya chini yenye kinyesi chake pamoja na sampuli ya chakula alichokuwa akila.