Mbona mzee anaanguka nyumbani kila mara? Maswali na majibu

Swali: Mama ana miaka 74, anakaa Kakamega, na tangu mvua ianze ameanguka mara mbili. Si ni uzee tu?

Jibu: Hapana, na hiyo "uzee tu" ndiyo inafanya watu wakae bila kutafuta sababu. Ni kweli miguu inaisha nguvu na macho yanapungua, lakini mara nyingi kuna kitu kingine kimeongezea. Anza kuuliza alianguka saa ngapi, akifanya nini?

Swali: Zote mbili usiku, akienda choo.

Jibu: Hapo sasa. Mtu ametoka usingizini anasimama haraka, damu inabaki miguuni, presha inashuka ghafla, kichwa kinazunguka, na kama anakunywa dawa za presha, hasa za kukojoza, inakuwa mbaya zaidi, halafu choo iko nje, stima zimepotea, njia ni matope na amevaa patipati zimeisha soli. Akae kwanza kwa kitanda dakika mbili hivi akichezesha miguu ndio asimame. Tochi ikae karibu na mto. Usiku muwekee ndoo ndani, najua wengi wanaona aibu, kwa hivyo ongea naye polepole. Na hizo patipati tupa, mtafutie viatu vya kushika mguu.

Swali: Basi aache dawa ya presha?

Jibu: Asiache tafadhali, stroke ni hatari sana! Mwambie CHP (yule mhudumu wa afya wa kijiji) ama kliniki wampime presha akiwa amelala, halafu akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, ama ya chini 10, daktari ndiye ataangalia dozi. Beba dawa zote anazomeza, hata za usingizi. Kama ana sukari wamwangalie miguu pia, kuna wenye wanakanyaga na hawasikii chini.

Swali: Tumemkataza kutembea.

Jibu: Mwacheni atembee jamani, mguu ukikaa bure unazidi kulegea. Awe anainuka na kuketi kwa kiti kigumu mara kadhaa kila siku, mtu akiwa karibu.

Swali: Na akianguka tena?

Jibu: Msimvute juu haraka. Akishindwa kukanyaga, ama mguu umekuwa mfupi na umegeukia nje, nyonga inaweza kuwa imevunjika, hospitali moja kwa moja. Akigonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kufanya damu isigande, aende hata akisema yuko sawa, kwa sababu damu inaweza kuvuja polepole ndani ya kichwa na aanze kuchanganyikiwa wiki kadhaa baadaye.