Je, wajua kwa nini hata bingwa wa Olimpiki hukatwa alama kwenye fito za jimnastiki?

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2024, saa za Lubumbashi na za Paris zilikuwa sawasawa, hivyo waliokaa mbele ya televisheni hapa kwetu walimwona Kaylia Nemour wa Algeria mchana uleule akichukua dhahabu kwenye fito mbili, moja ya juu na moja ya chini. Ilikuwa medali ya kwanza ya Afrika katika jimnastiki ya Olimpiki. Ubao ukaonyesha 15.700, na wengi wakajiuliza namba hiyo inatoka wapi.

Inatoka kwa makundi mawili ya waamuzi. Kundi la kwanza huhesabu ugumu wa mitindo, yaani vitendo anavyofanya mchezaji kwenye fito; Nemour alipata 7.2. Kundi la pili huanza na 10 na kazi yake ni kupunguza tu. Kwake ilibaki 8.5, yaani bingwa mwenyewe alikatwa alama 1.5 bila kuanguka. Jumlisha 7.2 na 8.5, unapata 15.700.

Sisi tuliokulia kwenye mpira wa Mazembe, timu yetu ya Lubumbashi, tunajua bao la kubahatisha ni bao sawa na lile la shuti safi. Kwenye fito sivyo: namna ya kufanya inapimwa peke yake. Kosa dogo ni 0.10, la wastani 0.30, kubwa 0.50, na kuanguka ni 1.00 nzima. Aliyeanguka ana sekunde 30 za kupanda tena.

Tazama mchezaji anapojirusha kutoka kwenye ufito mpaka asimame kwa mikono, kichwa chini. Mwamuzi anatafuta mstari mmoja kuanzia viganja, mabega, kiuno hadi ncha za vidole vya miguu. Ukiinama kutoka wima ndani ya digrii 10 hukatwi kitu. Ukizidi hapo ni 0.10, ukipita digrii 30 ni 0.30, ukipita 45 ni 0.50. Na kwa kuwa mchezaji husimama hivyo mara kadhaa katika zoezi moja, kila mara inahesabiwa upya. Hapo ndipo alama nyingi zinapotelea, wala si kwenye mruko wa kutisha tunaoupigia makofi. Na makato madogo yana uzito: huko Paris, Qiu Qiyuan wa China alipata medali ya fedha kwa 15.500, pungufu ya Nemour kwa 0.200 tu.

Angani nako, akiachia ufito na kuudaka tena, wanaangalia magoti yaliyokunjika na miguu iliyoachana. Bembea tupu isiyozaa mtindo wowote ni 0.50, adhabu kali lakini ya haki, maana zoezi linatakiwa litiririke. Akitua, hatua ndogo ni 0.10 na hatua kubwa 0.30.

Mfumo huu ulianza mwaka 2006, baada ya ugomvi wa alama kwenye Olimpiki ya Athens 2004. Kabla yake 10 ndiyo ilikuwa kilele, ile aliyoipata Nadia Comăneci wa Romania kwenye fito hizihizi huko Montreal mwaka 1976.

Waamuzi wa kundi la pili huandika makato haraka zoezi likiendelea, kila mmoja kivyake, bila kushauriana. Alama za juu kabisa na za chini kabisa huondolewa, zinazobaki hutafutiwa wastani. Kocha akiona ameonewa anaweza kukata rufaa juu ya ugumu. Juu ya makato hawezi.