Peremende ya mgeni: maswali kuhusu vyakula vyenye bangi

Bangi si ya kuvuta? Hivi vya kula ni vipi?

Ni keki, biskuti, chokoleti au peremende laini za kutafuna, zilizotiwa mafuta au siagi iliyopikwa na bangi. Kwa macho hutazitofautisha na za dukani. Kenya bangi imekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, lakini Kanada na majimbo kadhaa ya Marekani vitu hivi huuzwa madukani, na mabegi ya wasafiri hayana macho.

Nasafisha nyumba ya wageni Shela, Lamu. Wakiondoka hutuachia vyakula, nami huwapelekea watoto. Nitajuaje?

Swali lako ndilo hasa lililonifanya niandike. Soma karatasi: ukiona herufi THC, yaani kile kilevi kilichomo ndani ya bangi, au picha ya jani la bangi, usiibebe. Kilichofunguliwa, kisicho na karatasi, au keki iliyopikwa na mgeni mwenyewe ikabaki kwenye friji, kiache, hata ukiambiwa "chukua tu". Muulize mgeni kabla hajapanda boti. Ni swali la aibu kidogo, najua.

Nilionja kipande, sikuhisi kitu. Je, si kikali?

Hapo ndipo wengi huteleza. Moshi hufika ubongoni kwa dakika chache, lakini kinacholiwa huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza kazi. Kikipita kwenye ini, THC hugeuzwa kuwa kitu kikali zaidi, na athari zake huweza kudumu saa kumi na mbili au zaidi. Mtu huongeza kipande cha pili akidhani cha kwanza kimeshindwa, kisha vyote viwili vinamfikia pamoja.

Mtoto naye haishii kipande kimoja. Paketi moja huweza kuwa na peremende kumi za miligramu 10 kila moja, kipimo cha mtu mzima. Mtoto huzimaliza zote kama ubuyu. Marekani, vituo vya ushauri wa sumu vilirekodi watoto 207 wa chini ya miaka 6 waliokula vitu hivi mwaka 2017. Mwaka 2021 walikuwa 3,054, na karibu wote walivila nyumbani.

Yaya ni mtu mzima. Yeye ana hatari gani?

Hajui alichokula. Moyo unamwenda mbio, kichwa kinazunguka, anadhani anakufa, na huku kamshika mtoto na karai la mahamri liko motoni.

Mtoto analala tu, haamki vizuri. Nimwache alale?

Usimwache. Kuyumba, kutapika, usingizi mzito, kupumua polepole au degedege ni dalili za kukimbilia hospitali. Mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie. Usimtapishe, usimpe maziwa wala kahawa chungu. Chukua karatasi ya peremende na utafute boti hadi Hospitali ya King Fahd mjini. Watakaosema kapata jicho wasome dua wakiwa botini. Hakuna dawa ya kuiondoa THC mwilini. Kazi ya hospitali ni kulinda pumzi, sukari na maji ya mtoto mpaka ipungue, na huenda ikapita siku nzima.

Nikisema ni bangi, si nitajitia matatani?

Hofu hiyo naielewa, lakini fikiria daktari anaona nini: mtoto kazimia, hana jeraha. Atawaza malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na mtoto atachomwa sindano ya mgongoni bila haja. Sema kilicholiwa, kiasi gani, saa ngapi.

Kikiwa kimeshaingia nyumbani, kiwekwe wapi?

Kidaka cha ukutani si mahali pa kuficha. Mtoto wa miaka minne anapanda kitanda na kufika. Friji ndiyo mbaya zaidi, maana kila mtu huifungua akitafuta kitu kitamu. Mwenye kuleta kitu hicho akifungie kwenye sanduku la kufuli, kikiwa na karatasi yake, na ufunguo akae nao mwenyewe. Na awaambie yaya na bibi kilichomo. Kukificha wasijue ndiko kunakowalisha.

Mimi ningekitoa nyumbani siku hiyohiyo. Kipondeponde, ukichanganye na majivu, ndipo ukitupe. Jaani hupita watoto, na punda pia.