Dripu na mshtuko wa sepsisi: si kila presha iliyoshuka inadai maji

Dhana potofu: Presha ikishuka, ongeza dripu mpaka ipande.

Wodini ndilo agizo la kwanza kusikika, na ndugu wa mgonjwa nao wataulizia chupa nyingine. Lakini katika mshtuko wa sepsisi, yaani maambukizi makali yanapoangusha presha, presha haishuki kwa kukosa maji tu. Mishipa imelegea na inavuja, na pengine moyo wenyewe umedhoofika. Maji hayakazi mishipa. Kuikaza ni kazi ya dawa iitwayo noradrenalini. Maji yanayozidi huishia mapafuni.

Ushahidi mzito umetoka huku kwetu. Utafiti wa FEAST (2011) ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko duni wa damu. Waliomiminiwa maji kwa kasi, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48; wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Lusaka nako, katika utafiti wa watu wazima uliochapishwa 2017, vifo hospitalini vilikuwa asilimia 48 kwa waliopewa maji mengi mapema, 33 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wengi wao waliishi na VVU, kwa hiyo tusiyabebe matokeo hayo mazimamazima. Na mtoto anayeharisha usimnyime maji kwa kisingizio cha FEAST: wenye kuharisha hawakuingizwa humo.

Dhana potofu: Mililita 30 za maji kwa kila kilo ya uzito ni lazima kwa kila mtu.

Mwongozo wa kimataifa wa 2021 wa kutibu sepsisi unapendekeza angalau kiasi hicho ndani ya saa 3 za mwanzo, yaani lita 1.8 kwa mtu wa kilo 60. Ila wenyewe umekiri kuwa pendekezo hilo ni dhaifu. Mimi nalichukulia kama makadirio ya kuanzia.

Dhana potofu: Bila mashine, huwezi kujua kama damu inafika vizuri mwilini.

Kidole unacho. Bonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa kwa sekunde 10 hadi ipauke, achia, hesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki vizuri. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK (2019) ulilinganisha njia hiyo, ikirudiwa kila nusu saa, na kupima kila saa 2 lakteti, kemikali ya damu inayopanda mwili unapokosa oksijeni ya kutosha. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 35 kwa kidole, 43 kwa lakteti. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kutangaza mshindi, ila kidole hakikushindwa.

Kumlaza mgonjwa na kumwinua miguu nako husaidia, kwani damu ya miguuni hurudi moyoni kwa muda, ukaona kama moyo utasukuma zaidi. Kuuona moyo ukisukuma hapo ndiko ultrasaundi inakofaa; kipimo cha presha cha mkononi hupotosha. Shinikizo la vena kuu, yaani la mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, tulilolitegemea miaka mingi, halibashiri vizuri kama maji yatasaidia.

Kwa hiyo toa mililita 250 au 500, kisha rudi kitandani: kidole, mkojo, kasi ya kupumua, mapafu. Kidole kikibaki cheupe na mapafu yakianza kukwaruza, funga dripu uanze noradrenalini, hata kupitia mshipa wa mkono, ukilenga wastani wa presha (MAP) wa mmHg 65.