"La Mjerumani Hilo": Yasemwayo Kuhusu Darasa Kongwe la Mawe

Panda kutoka Moshi mjini kuelekea migombani, ulizia darasa lolote la mawe, utajibiwa kabla hujamaliza swali: "La Mjerumani hilo." Shuleni kwetu mwalimu wa zamu alikuwa akitukemea tusichokonoe ukuta wa Mjerumani, nasi tukaamini.

Mjerumani mwenyewe aliondolewa Moshi Machi 1916, majeshi ya Waingereza yalipoingia. Kutoka hapo hadi Uhuru ni miaka 45, karibu mara mbili ya ile aliyotawala yeye, na miaka yote hiyo watu waliendelea kujenga kwa mawe, maana mawe yalikuwa mtoni. Tena wamisheni wa Kilutheri wa shirika la Leipzig waliofika Machame 1893 walikuwa Wajerumani kweli, lakini hawakuwa serikali, na wale mapadre wa Kikatoliki wa Kilema waliowatangulia walitoka shirika lenye chimbuko Ufaransa. Kwa wazee wetu Mzungu wa boma na Mzungu wa misheni hawakuwa mtu mmoja. Sisi ndio tuliowachanganya.

Wapo wanaosema jengo ni la serikali tangu msingi, kwa kuwa kibao cha getini kinasema hivyo. Kibao kilibadilika baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, shule nyingi za makanisa zilipowekwa chini ya serikali. Kuta hazikubadilika. Na hata hao wamisheni hawakubeba mawe peke yao. Huku kwetu kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: pembe ikilia, kila kihamba, yaani shamba la familia, kinatoa mtu. Wanaume wanapasua mawe, akina mama na watoto wanasomba mchanga na maji. Ukipita nyuma ya darasa letu kongwe, chini ya dirisha la pili, utaona chokaa iliyobonyezwa vidole vinne ikiwa mbichi. Vidole vidogo. Huyo hakuwa fundi.

Kwamba shule nzima ni ya umri mmoja, hilo halihitaji maneno mengi. Kuna madarasa ya UPE, ile kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, ya miaka ya 1970, kuna ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ya kuanzia 2002. Hata lile kongwe lina umri mbili: mawe yanakomea kimo cha bega, juu yake ni tofali za saruji. Lipu imefunika karibu vyote, ila masika yakilowanisha ukuta mstari unajitokeza kama pindo la khanga.

Lipu hiyo ndiyo inayoniuma. Watu wanaamini ukuta wa zamani ukipigwa lipu ya saruji unapata nguvu. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hunywa unyevu wa ardhini na kuutoa taratibu. Ukiufunika kwa saruji, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inasukuma kutoka ndani, lipu inabambuka. Kwetu ilidumu misimu miwili, ikaanza kudondoka kwenye madawati. Kamati ikaagiza ipigwe nyingine, nzito zaidi! Fundi mmoja mzee alipendekeza chokaa, mifereji kwenye paa, na udongo uliorundikana ukutani upunguzwe. Ushauri wake ungegharimu kidogo kuliko mifuko ile ya saruji. Mifereji imewekwa mwaka huu, upande mmoja tu.