Hivi kwa nini mafua yaleyale yanamlaza mmoja siku tatu na mwingine yanampeleka kwenye oksijeni?

Mwezi wa sita pale kwetu Kirumba, Mwanza, tuliugua mafua nyumba nzima. Mimi na mdogo wangu tulilala siku tatu tukaamka, ila bamdogo, mtu wa kubeba matenga ya samaki pale Mwaloni tangu alfajiri, siku ya tano akawa anahema kama katoka mbio Igoma. Malaria wakapima hamna, kipimo cha influenza ndo kikasoma, akawekewa oksijeni. Daktari akaangalia karatasi ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, akasema "limfosaiti zimeshuka sana, nyutrofili zimepanda, huyu simruhusu kurudi nyumbani". Zote mbili ni seli nyeupe za damu, askari wa mwili. Hilo neno halikunitoka kichwani, yaani damu ilimwambia nini?

Sisi Wasukuma tunaujua mwano, ile kelele ya usiku mwizi akiingia kijijini, ukiusikia unatoka na rungu. Seli ya koo ikiingiwa na kirusi nayo inapiga mwano wake, na wa kwanza kabisa unaitwa intafironi, unazitahadharisha seli za jirani zifunge milango kabla kirusi hakijafika. Na intafironi iligunduliwa kwa kutumia kirusi hikihiki cha influenza, London mwaka 1957, na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Mwano huu ukipigwa mapema na kwa nguvu, mara nyingi unaugua siku chache yanaisha.

Sasa kuna watu mwano wao unachelewa au unazibwa mdomo. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta karibu mgonjwa 1 kati ya 20 wa influenza ya kutishia maisha ana kingamwili zinazoshambulia intafironi yake mwenyewe, fikiria mlinzi anayemkaba mpiga yowe! Wengine ni umri, ujauzito, kisukari au unene, na wengine hata sababu huioni. Kirusi kinapata nafasi ya kuzaliana, na kikishakuwa kingi mwili unakurupuka na kumwaga kelele za kila aina kwa pamoja, hizo ndo saitokini, kuna IL-6, kuna IP-10, kuna TNF. Zikifika kwenye ubongo unapata homa, kwenye ini IL-6 inaliamuru litengeneze protini inaitwa CRP ambayo ndo hiyo wanaipima maabara, kwaiyo ile homa na mwili kuuma sehemu kubwa ni jeshi lako mwenyewe linafanya kazi, sio kirusi peke yake.

Shida inakuja kwenye mapafu. Vile vifuko vya hewa vina kuta nyembamba mno, nyutrofili zikiitwa kwa wingi zinaingia na kemikali zao za kuua, zinatupa hadi nyavu za DNA kunasa adui, na kama kijiji kizima kikimkimbiza mwizi mmoja ndani ya shamba la mpunga, mwizi anaweza akapatikana ila mpunga umekwisha. Kuta zinavuja, maji yanajaa, oksijeni haipiti. Ndo maana nyutrofili za bamdogo zilikuwa juu. Limfosaiti nazo, zile zinazokijua kirusi kwa sura, zinapungua kwenye damu kwa sababu nyingi zimekimbilia mapafuni na nyingine zinakufa. Mtu mzima kwa kawaida anakuwa nazo kuanzia kama 1,000 kwa kila maikrolita, yeye alikuwa na 400.

Wagonjwa wa mafua ya ndege, H5N1, waliochunguzwa Vietnam, majibu yakatoka 2006, walionyesha kitu hichohicho: waliofariki walikuwa na virusi vingi zaidi kooni na saitokini za juu kuliko waliopona. Kwangu mimi hapo ndo penye jibu, moto wa saitokini unafuata wingi wa kirusi. Ndo maana dawa ya virusi kama oseltamivia inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48, na ndo maana kuzima kinga kwa deksamethasoni, ambayo 2020 ilionekana kuwasaidia wagonjwa wa kovidi waliokuwa kwenye oksijeni, WHO haiipendekezi kwa influenza kali. Naomba sana msiinunue duka la dawa kienyeji.

Kuna na kipimo kingine cha damu, prokalsitonini, hii kwa mafua matupu mara nyingi inabaki chini, ikipaa daktari anaanza kuhofia bakteria kadandia juu ya kirusi. Huwa hivyo hasa pale homa inapoisha, unapata nafuu, alafu inarudi na kikohozi kibaya zaidi. Hapo usisubiri kesho, wala mtu akianza kuhema harakaharaka, kuchanganyikiwa au midomo kubadilika rangi.

Bamdogo walimpima FBP tena siku ya nne wodini, limfosaiti zimefika 900. Jioni yake akatoa mpira wa oksijeni puani, akamuuliza mama kama kaja na ugali au uji tena.