Pilipili haitulizi maumivu kwa joto

Husemwa kuwa dawa ya kuchua yenye pilipili hutuliza maumivu ya neva kwa joto lake, eti dawa ya moto ni moto. Sivyo. Pilipili yenyewe haina moto. Kapsaisini, kiini cha ukali wake, huamsha kipokezi cha joto kwenye ncha za neva, kile ambacho mwanasayansi wa Marekani David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na ubongo hudhani ngozi inaungua. Ikipakwa tena na tena, ncha hizo huchoka, zikanyamaza. Ndiyo maana krimu yenye kapsaisini asilimia 0.075 hupakwa mara 3 au 4 kwa siku, kwa wiki kadhaa. Siku za mwanzo huwasha tu. Tafadhali, usijisugue pilipili ya kutwanga. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kuchubuka bila kuhisi.